Mwanzishaji Asiwe wa Lugha ya Wimbo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuimba hata noti moja. Nilifika parokiani Kiwanja asubuhi, nimevaa kitenge kipya, najiona mwalimu wa nyimbo kamili, maana masista wa Butembo walikuwa wamenifundisha solfa na niliweza kusoma do-re-mi ubaoni bila kukwama. Paroko, mzee wa Kizungu aliyevuta tumbaku mpaka ndevu zikabadilika rangi, alinitazama, akanizungusha nyuma ya sakristia, akanionyesha ngoma tatu na rundo la majani makavu ya migomba.

"Masika, binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, "wiki hii utapasha moto ngoma. Ukishajua zinalia namna gani, njo utakuja kuniambia habari ya solfa."

Nilinuna waziwazi. Mimi si mtu wa kuficha kinyongo, na wote waliofanya kazi nami watakuambia hivyo hivyo. Lakini nilipasha moto.

Kwa ninyi mliozaliwa mkakuta spika, niwaeleze. Ngoma ya kanisa ni gogo moja lililochimbwa na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Asubuhi ya ukungu ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea inalia kama godoro linalopigwa fimbo. Kwa hiyo unaisogeza kwenye moto mwepesi, unaizungusha, unaigonga kwa kidole, unaizungusha tena mpaka ikaze. Ukizidisha, ngozi inapasuka katikati ya wimbo wa Utukufu na kanisa zima linageuka kukutazama. Ngoma kubwa tuliiita mama, ndogo tuliiita mtoto. Mama hushika mwendo, mtoto hujibu, na ile ya katikati huwapatanisha. Wiki ilipoisha nilikuwa nanuka moshi mpaka kwenye nywele, lakini nilikuwa nimeanza kusikia ngoma ikiniambia inataka nini.

Baada ya hapo Paroko alinipa kazi yenyewe. Alinituma vijijini kutafuta nyimbo. Nyimbo zilizotafsiriwa kutoka Ulaya aliziita viatu vya kuazima, akacheka mwenyewe, halafu akaniambia niende nikakae na akina mama wanapofanya kazi, nisikilize, nimwombe mwenye wimbo ruhusa, kisha tuutilie maneno ya Misa. Ndivyo nilivyofika Kalengera, nikawakuta akina mama wakipura maharage na kuimba kwa Kinyarwanda. Aliyekuwa akianzisha ni mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na mwili wake. Jina lake Uwimana.

Nilipomwomba wimbo ule alinikazia macho. "Nikikupa wangu, weye utanipa gani?"

Nikampa wimbo wa Kinande ambao bibi yangu aliuimba akipalilia. Tukabadilishana pale pale, juu ya maganda ya maharage. Wake ukawa wimbo wa matoleo, ule wa kupeleka mkate, divai na mavuno altareni watu wakicheza. Wangu ukawa wimbo wa shukrani baada ya komunyo. Katika korali yetu kila wimbo ulikuwa na mwanzishaji, yaani mtu anayetupa mstari wa kwanza peke yake, kisha watu wote wanapokea. Uwimana alianzisha wa Kinyarwanda, mimi nikaanzisha wa Kinande, na Papa Bahati, mpiga ngoma wetu, akaanzisha wa Kihunde. Kila mtu na wa kwao. Tuliona ni jambo la kawaida kabisa na hakuna aliyeliwaza mara mbili.

Halafu vita vilikuja. Sitavieleza, wapo wanaovieleza vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba tulikimbia Kiwanja kwa barabara ile kubwa, sisi na magodoro yetu, na kwamba kabla ya kufika Goma kaka yangu Kambale alimpoteza mwanawe wa kwanza. Kijana alipigwa risasi barabarani, tukamzika kando ya shamba la watu bila Misa na bila wimbo. Waliompiga hatukuwaona. Kambale alisema anawajua kwa lugha aliyoisikia ikisemwa kichakani, na tangu siku ile Kinyarwanda kikawa mwiba masikioni mwake. Sikumlaumu. Nilimpenda kaka yangu, na nilimlilia yule kijana kama niliyemzaa mwenyewe.

Goma nilipokelewa na Paroko wa pili. Huyu alikuwa mtoto wa nchi, kijana, ametoka masomoni, mwenye kutembea haraka na kusema haraka. Nilidhani mtu wa kwetu atapenda ngoma kuliko Mzungu. Wapi! Alikuwa amenunua kinanda cha umeme na sono yake yote, yaani spika na vikuza sauti, na alikuwa na mpiga kinanda anayeitwa Deo, mtu wa Maniema, fundi kweli wa vidole vyake na mwenye majivuno yanayolingana na ufundi. Kinanda kile kilikuwa na vitufe vya midundo iliyotengenezwa tayari. Jumapili moja, watu wakiwa wamepiga magoti kimya kabisa, kiwiko cha Deo kiligusa kitufe na kikatoka kitu cha baa, tarumbeta na kila kitu. Deo alishindwa kukizima. Nilicheka mpaka nikatolewa nje na mama wa usafi, na Deo hakunisalimu mpaka Kwaresima ilipoisha.

Kwa muda tulikwenda hivyo, ngoma tatu za parokia upande mmoja wa altare na kinanda upande wa pili, tukiviziana. Uwimana naye alikuwa amefika mjini, mjane sasa, na Papa Bahati pia, kwa hiyo nilikuwa na watu wangu. Lakini mji ulikuwa chini ya waasi, na watu walikuwa wameanza kupima kila neno. Ukisalimia kwa lugha fulani sokoni unaulizwa uko upande gani. Siku moja, wakati wa matoleo, Uwimana alianzisha wimbo wake wa maharage kama kawaida. Wanaume wa benchi za mbele wakakaa chini badala ya kucheza. Kambale akasimama, akavaa kofia yake humo humo kanisani, akatoka, na wengi wakamfuata. Uwimana alimalizia wimbo karibu peke yake. Jumapili iliyofuata watu wa upande wake nao wakakaa wimbo wa Kinande ulipoanza.

Tulikuwa bado hatujalimaliza jambo hilo mlima wa moto ulio juu ya mji ulipopasuka. Lava ilishuka katikati ya mji ikafunika kanisa letu mpaka madirishani, na nyumba yangu, na barabara niliyoizoea. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Deo alitoka na kinanda kichwani, kimefungwa ndani ya kitenge cha mke wake. Mimi nilitoka na sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, na sijutii, kwa sababu tuliyala wote, pamoja na Deo. Ngoma zilikuwa sakristia. Zote tatu ziliungua.

Tuliporudi, mawe bado yalikuwa na joto chini ya viatu. Waamini walianza kujenga kanisa la mabati juu ya lava ile ile, na Paroko akaniita kwenye kibanda alichokifanya ofisi. Alikuwa amekonda. Nilikuja na maneno yangu tayari: tunahitaji gogo, tunahitaji ngozi, namjua fundi. Aliniacha nimalize.

"Mama Masika, hatutatengeneza ngoma ingine," alisema. "Misa ya kwanza itakuwa ya piano na Kiswahili tu."

"Juu ya nini, Padiri? Kwa sababu Deo aliokoa piano yake na mimi niliokoa maharage?"

Hakucheka. "Niambie weye. Ngoma ya nani? Nikileta mwendo wa Banande, Bahunde bananuna. Wimbo wa Kinyarwanda ukianza, kaka yako mwenyewe anatoka inje na nusu ya kanisa. Wa Kinande ukianza, benzake Uwimana banakaa. Piano haina kabila, mama. Deo akigusa do, ile do ni ya batu bote. Minataka kanisa moja tu. Ngoma zako zinanipa matatu."

Nilikuwa nimezoea kubishana na mapadri juu ya uzuri: kwamba ngoma inamfikia Mungu, kwamba kinanda ni kelele. Hapa hapakuwa na habari ya uzuri. Alisema kweli tupu, na nilitoka pale nimeumia, kwa kuwa niliona kazi yangu yote ya tangu Kiwanja inatupwa na anayeitupa ana haki ya kuitupa.

Nilikwenda kumtafuta Uwimana nimlalamikie. Nilimkuta ziwani, amejiinamia kwenye jiwe, anafua, na anaimba. Nilikuwa karibu kumwita ndipo niliposikia anachoimba. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu, ule wa kupalilia, kwa Kinande. Matamshi yake yalikuwa ya mtu wa Kalengera, lakini hakuruka neno hata moja. Nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Mimi niliyeuimba maisha yangu yote, sikuwahi kuusikia ukinipendeza namna ile, kwa sababu yeye aliusumbukia na mimi nilizaliwa nao tu.

"Unanichungulia?" aliuliza bila kugeuka.

"Jumapili ya kanisa jipya wimbo huu utauanzisha weye," nikamwambia. "Na wako wa maharage nitauanzisha mimi."

Alikamua nguo yake polepole. "Batatupiga mawe wote wawili."

"Mawe tunayo mengi."

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ambayo vijana wa leo mnaiita usumbufu wa Mama Masika: wimbo wa lugha fulani asiuanzishe mtu wa lugha hiyo, na ngoma yake asiipige mtu wa kwao. Niliipeleka kwenye mazoezi na nikapigiwa kelele. Papa Bahati alirusha vijiti chini. "Mama, mikono hii ni ya Buhunde! Mwendo wa Kinande itaujulia wapi?" Nikamwambia itajifunza, kama ilivyojifunza kushika kijiko. Tulirudia, tukagombana, tukarudia. Anayejifunza mwendo wa watu wengine hulazimika kumwuliza mwenye mwendo, na kumwuliza tena, na kukaa naye karibu akimshika mkono. Watu ambao hawakuwa wakisalimiana walianza kugombana kuhusu mdundo, na kwangu hayo yalikuwa maendeleo makubwa.

Ngoma nilizitengenezesha bila kungoja ruhusa. Ndugu zangu wa Butembo walituma gogo, likateremshwa mpaka uwanjani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na fundi akalichimba mbele ya kibanda cha Paroko ili asiseme hakuona. Alipita kila siku akiangalia pembeni. Hatimaye alisimama.

"Mama Masika, weye uko na kichwa kigumu."

"Ndiyo, Padiri. Njoo mazoezini usikie, kisha ukatae."

Alikuja. Alikaa nyuma, akasikiliza, hakusema ndiyo. Alisema, "Mutajaribu mara moja. Ikiharibika, imeisha." Deo naye aliuliza kazi yake itakuwa ipi. Nikamwambia atupe noti ya kuanzia kisha aondoe vidole. Alinuna kama mimi nilivyonuna siku ya majani ya migomba, lakini alikubali, na noti zake zilikuwa safi.

Jumapili ile tulipasha moto ngoma kwa mabaki ya mbao za ujenzi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje juu ya mawe, na askari wa wakati ule walikuwa mlangoni na bunduki zao. Kambale alikaa benchi ya mbele. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilijua akijua atanikataza, na nilijua sitamtii.

Matoleo yalipofika Deo aligusa noti. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikaanzisha wimbo wa Kinyarwanda. Mstari wa kwanza nilikuwa peke yangu. Mstari wa pili ulimi ulinishinda, nikavuta neno mahali pasipovutwa, na bibi mmoja wa upande wa Uwimana akasema kwa sauti kubwa, "Oya, mama, polepole!" Watu wakacheka. Kanisa lote. Bibi yule akanipa neno sawasawa, nikalirudia, naye akaitikia kwa kichwa kama mwalimu wa darasa la kwanza, na Papa Bahati akaingia na ngoma mama. Watu walisimama. Walianza kucheza kuelekea altareni na vikapu vyao, wakiwa bado na kicheko usoni.

Kambale hakucheka. Alinitazama mimi, dadake, nikiimba kwa lugha ile. Akavaa kofia yake, akatoka, na safari hii hakuna aliyemfuata. Niliendelea kuimba. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, lakini niliendelea mpaka kikapu cha mwisho kikafika.

Baada ya komunyo Uwimana akaanzisha wimbo wa bibi yangu. Sauti yake nzito ilijaa chini ya mabati yale, na nilipotazama mlangoni, katikati ya askari wawili, nilimwona kaka yangu. Alikuwa amesimama nje juu ya lava, ametupa mgongo, kofia mkononi.

Paroko alinisubiri sakristia. "Kaka yako ametoka," alisema.

"Ametoka, Padiri. Lakini hakwenda."

Alivua stola yake, akaikunja, akaibusu. "Ngoma zibaki. Lakini na ile sheria yako ibaki. Siku mutaiacha, nitazitoa inje mimi mwenyewe."

Nilifanya kazi chini ya Paroko huyo mpaka alipohamishwa, na chini ya mwingine baada yake, mpole, aliyeniacha nifanye nitakalo. Uasi mwingine ulipokuja na wakimbizi wakajaa Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, chini ya mahema, nilipanda huko kila Jumapili. Tulipiga madumu ya plastiki mahali pa ngoma, na madumu hayahitaji kupashwa moto, hilo nilikiri. Sheria ilikuwa ile ile. Watu wapya wa Kiwanja na Rutshuru walishangaa, walikataa, walijifunza. Kinanda nacho nimekizoea. Deo tulizeeka pamoja, na alipofundisha kijana wa kumrithi, kitu cha kwanza alichomfunza ni kuondoa vidole. Ile midundo ya kutengenezwa tayari bado siipendi, na msije nyumbani kunishawishi.

Kambale hakusema nami kwa muda mrefu baada ya siku ile. Nilimpelekea chakula, akala, akarudisha sahani bila neno. Kisha alianza kujibu salamu. Habari ya wimbo hatukuigusa kamwe, mpaka alipougua ugonjwa wake wa mwisho akaniita karibu na kitanda.

"Masika, ile siku ya mabati, nilimusikia yule mama."

"Ulimusikia?"

"Mupaka mwisho. Aliimba kama bibi." Alinivuta mkono nisogee. "Mutoto wangu tulimuzika bila wimbo. Mimi musinizike vile. Aanze ule mama. Weye usianze, utalia na utauharibu."

Uwimana alikuwa na miguu mibovu wakati huo. Alikuja makaburini ameshikwa mkono huku na huku, akasimama kwenye udongo mweusi uliochimbuliwa, akaanzisha. Sisi Wanande wote tuliokuwa pale tulipokea. Mimi nililia na nikauharibu, kama alivyosema.

Sasa nimestaafu. Mwalimu mpya wa korali, kijana mzuri mwenye simu iliyojaa nyimbo, alikuja juzi kuniambia kwa heshima kwamba sheria yangu inachelewesha mazoezi: mwenye lugha angejua wimbo haraka, na Misa ya leo inataka mambo yaende haraka. Nilimwambia amesema kweli, inachelewesha. Ule ucheleweshaji ndio kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Atumie kinanda, atumie gitaa, atumie ngoma, hilo nimemwachia. Mwanzishaji simwachii.

Na wanangu nimewaambia, nanyi muwe mashahidi. Siku yangu ikifika, Uwimana akiwa hai aanze yeye. Akiwa ametangulia, tafuteni mtu yeyote mumpendaye, mradi asiwe Mnande. Akikosea neno msaidieni kwa sauti kubwa, wala msione haya kucheka. Na ngoma muipashe moto vizuri.